Pikipiki ya zamani na magonjwa yake: ipi ya kusimamisha leo, ipi inaweza kungoja



Mara hii tunazungumza juu ya chombo ambacho koperative nyingi za Mboko, Nundu na Lusenda zinakitegemea, hata kama hakiandikwi kwenye mpango wa mwaka: pikipiki iliyokwisha kutumika. Mihogo, karanga na mawese havifiki sokoni vyenyewe. Kutoka shambani mpaka barabara kubwa ya Uvira na Baraka, mzigo unapita kwenye kichwa cha mama, kwenye kinga ao kwenye piki. Na piki mpya bei yake ni nzito kwa sanduku la koperative. Kwa hiyo tunanunua ya zamani, ao mradi ukimalizika unatuachia moja iliyokwisha kutembea miaka mingi.

Piki ya zamani si kitu kibaya. Ubaya ni kuikamata bila kujua magonjwa yake, kisha kuiendesha sawa vile ni mpya. Kila aina ya injini ina magonjwa yake yanayojulikana. Mafundi wanayajua, na karibu yote yanatoa alama kabla ya kuua injini. Kazi yetu ni kusoma zile alama na kujibu swali moja: kasoro hii ni ya kusimamisha piki leo, ni ya kutengeneza wiki hii, ao tunaweza kutembea nayo tukiwa tunaichunga? Koperative inayojua kujibu swali hilo inaokoa pesa, na pengine inaokoa maisha ya dereva wake.

Kwanza: injini yenu ni 2T ao 4T?

Ukikosea hapa, mengine yote hayasaidii.

Injini ya 2T inachoma mafuta yake pamoja na esansi. Yamaha AG100 na Yamaha DT125, ambazo miradi na huduma za afya zimezitumia miaka mingi katika nchi nyingi za Afrika, ni za namna hiyo. Zina tangi dogo la mafuta pembeni, na pompe ndogo inayoyapeleka ndani ya injini kidogo kidogo. Yamaha wanauita mfumo huo Autolube, na waliuanza mwaka 1964. Lakini bwati ya vitesi ina mafuta yake mengine, mbali kabisa. Kwa hiyo 2T ina sehemu mbili za kutia mafuta, na kila moja ina ya kwake.

Injini ya 4T haipaswi kuchoma mafuta. TVS na Bajaj Boxer, ambazo mamotari wengi wanaziendesha leo, ni 4T. Mafuta ni ya aina moja tu, karibu lita moja, na yanafanya kazi tatu: yanalinda pistoni, vitesi na ambriyaji.

Kama hamna hakika, sikilizeni na kuangalia. 2T inalia sauti kali, ya haraka, kama mashine ya kukata miti, na inatoa moshi kidogo hata ikiwa nzima. 4T inalia sauti nzito zaidi, na ikiwa nzima moshi wake hauonekani.

Makosa matatu ya mafuta yanaharibu injini nyingi:
- Kutia mafuta ya 4T kwenye tangi dogo la 2T. Hayaungui vizuri, yanaacha majivu kwenye buji na kwenye pistoni.
- Kutia mafuta ya 2T ndani ya injini ya 4T. Hayakutengenezwa kwa kazi ile, na hayawezi kulinda vitesi.
- Kutia mafuta ya gari kwenye piki ya 4T. Mengine yana dawa ya kulainisha inayofanya ambriyaji iteleze. Chagueni chupa iliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki.

Magonjwa ya injini ya 2T

*Pompe ya mafuta.* Pompe yenyewe haifi haraka. Kinachokufa ni vitu vinavyoizunguka: mpira unaoleta mafuta unakauka na kupasuka, kabo inayoiunganisha na mkono wa gaze inalegea, uchafu unaziba chini ya tangi, ao hewa inaingia kwenye mpira siku tangi liliachwa tupu. Hapo injini inakunywa esansi kavu. Pistoni inapata joto, inavimba, inakwaruza silinda, kisha inakamata. Yote haya yanaweza kutokea katika safari moja tu.

Kipimo chake hakiitaji fundi. Jazeni tangi la mafuta, bandikeni alama kwenye usawa wake, andikeni esansi mnayotia. Baada ya lita 10 za esansi, angalieni. Mafuta yanapaswa kuwa yamepungua kiasi cha kuonekana, karibu glasi moja ao zaidi. Kama alama iko palepale, piki isitembee tena mpaka fundi atoe hewa kwenye pompe, abadilishe mpira na kurekebisha kabo.

Kuna mambo ya kuangalia sana wakati wa kununua. Watu wengine, pompe ikiwasumbua, wanaiondoa kabisa na kuanza kuchanganya mafuta na esansi kwa mkono. Si vibaya, ikiwa kila mtu anajua. Lakini mnunuzi asipoambiwa, anatia esansi tupu na injini inakamata siku ya kwanza. Angalieni kama mpira kutoka tangi dogo unafika kwenye injini. Kama haupo ao umezibwa kwa visi, ile piki inataka mchanganyiko.

Hesabu ya mchanganyiko ni rahisi. Kiasi cha 1 kwa 25 ni mililita 40 za mafuta kwa kila lita ya esansi, yaani mililita 200 kwa bidoni ya lita 5. Kiasi cha 1 kwa 40 ni mililita 25 kwa lita, yaani mililita 125 kwa lita 5. Fuateni kitabu cha piki na maandishi ya chupa. Kisha wekeni sheria: mchanganyiko unatengenezwa na mtu mmoja, kwenye bidoni moja yenye alama nyekundu, na hakuna dereva anayetia esansi ya njiani bila kuongeza mafuta. Pahali penye madereva wawili na bidoni tatu, siku moja mmoja atasahau.

*Joi-spi za shafti kubwa.* Hizi ni pete za mpira pande mbili za shafti inayozungushwa na pistoni. Zinazeeka kwa miaka na kwa joto, hata kama piki haikutembea sana. Kwenye Yamaha tulizotaja, ya kuume iko upande wa ambriyaji, na ya kushoto iko upande wa manyeto inayotoa umeme.

Ya kuume ikichoka, injini inafyonza mafuta ya bwati ya vitesi na kuyachoma. Alama: moshi mzito mweupe unaonuka vibaya, buji inalowana mafuta, na mafuta ya vitesi yanapungua bila tone kuanguka chini. Watu wanatia mengine kila wiki na kushangaa yanaenda wapi. Siku wakisahau, vitesi vinakauka na kusagika.

Ya kushoto ikichoka, injini inafyonza hewa. Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu haionekani. Alama: ukiacha gaze, injini inaendelea kulia juu bila kushuka, inapata joto haraka, buji inatoka nyeupe kama chokaa. Hewa ikizidi, esansi na mafuta yanakuwa machache kwa kazi ile, na mwisho wake ni kukamata. Piki yenye alama hizo ni ya kusimamisha.

*Masizi kwenye bomba la moshi.* Mafuta yanayoungua yanaacha masizi, na baada ya muda yanaziba. Piki inapoteza nguvu polepole, haipandi mlima na mzigo, na dereva anafikiri pistoni imekufa. Kabla ya kununua pistoni, fungueni bomba, toeni sehemu ya ndani, mkwangue, pia kwenye tundu la silinda. Hii ni kazi ya nusu siku bila piesi hata moja.

Magonjwa ya injini ya 4T

*Kula mafuta.* Moshi wa buluu kwenye 4T una maana mafuta yanaungua. Someni saa unapotoka. Ukitoka asubuhi tu, wakati wa kuwasha, kisha ukaisha, mara nyingi ni vipira vya supape. Piki inaweza kutembea, mradi usawa wa mafuta uangaliwe kila asubuhi. Ukitoka kila mara unapovuta gaze, mara nyingi ni segima (zile pete za pistoni) ao silinda yenyewe iliyolika.

Kuna kipimo cha kijiji. Toeni buji, tieni kijiko kimoja cha mafuta ya injini ndani, rudisheni buji, pigeni kiki. Kama kiki imekuwa ngumu kuliko mbele, mafuta yameziba nafasi ya segima: ugonjwa uko kwenye segima na silinda. Kama haikubadilika, tafuteni kwenye supape.

*Supape zilizobana.* Nafasi ndogo kati ya supape na kile kinachoisukuma inapungua kadiri supape inavyolika. Ikibana sana, supape haifungi, nguvu inapungua, piki inakuwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa na joto. Ukiendelea hivyo, supape inaungua. Kurekebisha ni kazi ndogo kwa fundi mwenye kipimo cha karatasi za chuma, injini ikiwa baridi. Kiasi kinaandikwa kwenye kitabu cha kila piki. Fundi asikadirie kwa jicho.

*Cheni ya ndani.* Ile inayozungusha supape, si ile ya gurudumu. Ikirefuka inapiga kelele ya "kacha-kacha" upande wa silinda, zaidi injini ikiwa baridi na ikisimama bila gaze. Kelele ndogo inaweza kungoja. Kelele inayoongezeka kila wiki haingoji: cheni ikiruka meno, pistoni inaweza kupiga supape, na injini yote inafunguliwa.

*Kuchelewesha vidanji.* Huu si ugonjwa wa piki, ni ugonjwa wa wenyewe. Mafuta meusi, membamba kama maji, hayalindi tena. Kwa piki ya zamani inayobeba mzigo kwenye vumbi, tunashauri vidanji isipite kilometa 1,500. Kama kilometa hazihesabu tena, hesabuni wiki. Na yale mafuta ya zamani yasimwagwe mtoni ao ziwani. Tunayanywa yale maji, na samaki wetu wanakaa mle.

Vitu vitatu vya kwetu vinavyoleta magonjwa haya

*Vumbi.* Kiangazi, gari moja likipita barabarani, vumbi linasimama hewani kwa dakika nzima. Filtre ya hewa ikiwa imepasuka, imetolewa, ao mpira wake umechomoka, mchanga unaingia kwenye silinda na kuisaga kama msasa. Filtre ya sponji inaoshwa kwa maji na sabuni, inakaushwa kivulini, inapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Filtre ya karatasi haioshwi: inagongwa polepole ili vumbi litoke, na ikiziba inabadilishwa. Kiangazi fanyeni hivyo kila wiki. Fundi akisema "toa filtre, piki itapata nguvu," mwambieni hapana. Itapata nguvu ya mwezi mmoja.

*Esansi ya chupa.* Esansi inayouzwa kando ya njia inaweza kuwa na maji ao na petroli ya taa. Petroli ya taa inafanya injini igonge kama mawe madogo ndani ya kopo ukipanda mlima, na joto linazidi. Kipimo: toneni tone moja la esansi safi kwenye karatasi nyeupe, ngojeni ikauke. Ikiacha doa la mafuta, kuna kitu kingine ndani. (Kwa mchanganyiko wa 2T kipimo hiki hakifai, kwa sababu doa litabaki kila mara.) Maji yanakaa chini: fungueni ile visi ya chini ya kabureta mara moja kwa juma na kuyatoa.

*Mlima.* Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari; milima ya Itombwe nyuma yetu inapita mita 2,000. Kila mita 1,000 mnazopanda, hewa inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Piki iliyorekebishwa pwani ikipanda, esansi inakuwa nyingi kuliko hewa: nguvu inapungua, buji inakuwa nyeusi. Inaudhi, lakini haiui injini. Hatari iko upande mwingine. Fundi wa mlimani akiweka jiklere ndogo ili piki ivute vizuri kule juu, kisha mkashuka nayo mpaka Mboko bila kurudisha ya zamani, esansi inakuwa chache na injini inaungua kwa joto. Jiklere iliyotolewa ifungwe kwenye kitambaa na ikae chini ya kiti. Mkishuka, irudishwe.

Makundi matatu

Tunaomba kila koperative ibandike orodha hii pahali piki inapolala.

*Simamisha leo, hata kama mzigo uko tayari:*
- Mafuta ya 2T hayapungui kwenye tangi dogo.
- Injini inabaki kulia juu ukiacha gaze, na buji ni nyeupe.
- Piki imekwisha kukamata mara moja, hata kama iliwaka tena.
- Sauti ya chuma kugonga chuma chini ya injini, inayoongezeka ukivuta gaze. Hiyo mara nyingi ni bieli. Ikikatika inatoboa injini.
- Mafuta ya 4T yako chini ya alama ya chini.

*Tengeneza wiki hii, na usibebe mtu wala mzigo mzito:*
- Mafuta ya vitesi yanapungua bila kuvuja.
- Moshi wa buluu kila ukivuta gaze.
- Kelele ya cheni ya ndani inaongezeka.
- Piki ngumu kuwaka ikiwa na joto.
- Filtre imepasuka.

*Tembea nayo, lakini andika na uchunge:*
- Jasho la mafuta kwenye joi, bila matone kuanguka.
- Moshi kidogo asubuhi unaoisha.
- Nguvu kupungua mkipanda mlimani tu.
- Kelele ndogo ya cheni isiyobadilika mwezi kwa mwezi.

Ugumu wa orodha hii uko kwenye mstari "hata kama mzigo uko tayari". Siku ya soko hakuna mtu anayependa kusikia neno simamisha. Lakini hesabu iko wazi: mpira wa mafuta ni piesi ndogo, pistoni, segima na kuchonga silinda ni sehemu kubwa ya mavuno ya mtu mmoja. Na injini ikikamata katika mwendo, gurudumu la nyuma linafunga. Kwenye mteremko wenye changarawe, na mama mmoja nyuma na mfuko wa mihogo, hiyo si hasara ya pesa tu.

Injini ikikamata njiani

Kila dereva wa 2T ya zamani ajue haya. Mbele ya kukamata, mara nyingi nguvu inashuka ghafula kama mtu amevuta frein, sauti inakuwa kavu, na moshi wa kawaida unapotea. Mara hiyo:
1. Bana ambriyaji, acha gaze. Gurudumu litakuwa huru, piki itaserereka yenyewe mpaka kusimama. Dereva mzuri wa 2T anaweka vidole viwili kwenye ambriyaji mlimani.
2. Zima. Usimwage maji kwenye injini ya moto: silinda inaweza kupasuka.
3. Ngoja ipoe kabisa, nusu saa ao zaidi.
4. Angalia mafuta, mpira na kabo. Kama hakuna mafuta, hakuna safari.
5. Hata ikiwaka, usipande tena na mzigo. Sukuma, ao rudi polepole peke yako mpaka kwa fundi, na ufungue silinda mbele ya safari nyingine.

Mbele ya kununua

Nendeni watu watatu: dereva, fundi ambaye si rafiki wa muuzaji, na mtunza sanduku. Mwambieni muuzaji mapema asiwashe piki asubuhi hiyo. Injini iliyokwisha kupashwa joto inaficha mengi.

1. Gusa injini. Ikiwa ya moto, rudini kesho.
2. Toa kijiti cha mafuta ao fungua tangi dogo. Mafuta ya rangi ya maziwa yana maji ndani. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni vitesi ao bieli.
3. Piga kiki kwa mkono polepole, ufunguo ukiwa umezimwa. Inapaswa kupinga. Ikishuka kama kwenye hewa, pistoni ao supape zimechoka.
4. Washa. Tazama moshi dakika tano, kisha vuta gaze na uache. Injini ishuke mara moja.
5. Panda nayo mlima na mtu nyuma. Kisha simama, ngoja dakika kumi, washa tena.
6. Toa buji. Rangi ya kahawa ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta ao nyeupe sana, fundi aeleze.
7. Linganisha namba za injini na za shasi na karte roze. Zikiwa tofauti ao zimekwanguliwa, acheni, hata kama bei ni ya zawadi.

Kasoro inayojulikana ina bei yake, na bei hiyo itoke kwa muuzaji. Tuseme, kwa mfano tu, piki moja inauzwa dola 400, na fundi anahesabu dola 120 za pistoni, kuchonga silinda na joi-spi. Nyingine inauzwa dola 480 na injini yake ni nzima. Ya kwanza si ya 400, ni ya 520, na itakaa wiki mbili bila kazi. Mkiitaka ile, muuzaji ashushe mpaka dola 360 ao chini, ndipo mtakuwa sawa, na bado hamjahesabu zile wiki mbili.

Kaye ya piki

Piki ya koperative bila kaye ni piki ya kila mtu, na ya kila mtu ni ya hakuna mtu. Nunueni kaye moja ya shule. Kila siku dereva anaandika: tarehe, safari, mzigo, esansi, mafuta, na alama yoyote aliyoona. Mafuta yakianza kwenda haraka kuliko mwezi uliopita, kaye itasema mbele ya moshi kusema.

Kwenye kila safari, sehemu ya malipo iingie kwenye bahasha ya piki, na bahasha hiyo isiguswe kwa mambo mengine, hata kwa kilio. Matanga yana mchango wake. Tuseme tena kwa mfano: safari 20 kwa mwezi, franka 2,000 kwa kila safari, ni franka 40,000. Miezi sita ni franka 240,000. Ugonjwa ukija, unakuta dawa iko tayari, na hakuna mwanamemba anayeombwa kuuza mbuzi.

Maswali tunayopata

*"Fundi anasema abadilishe pistoni tu, bila kuchonga silinda. Ni sawa?"*
Ikiwa silinda haina mikwaruzo na fundi ameipima, segima mpya zinaweza kutosha. Ikiwa kucha lako linakwama kwenye mkwaruzo, hapana. Silinda ichongwe kwa mashine na iwekewe pistoni kubwa kidogo. Mara nyingi zinapatikana za kuongezeka milimita 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00. Msikubali ipanuliwe kwa msasa wa mkono: inakuwa yai, si duara. Mara nyingi lazima kuipeleka mjini. Mbele ya kulipa, ulizeni imekwisha kuchongwa mara ngapi. Ikiwa imefika mwisho, pesa yenu itapotea.

*"Mradi umetupatia piki bure. Tuikague tena?"*
Ndiyo, tena kwa makini. Piki ya bure yenye ugonjwa mkubwa inaweza kula sanduku lote. Ombeni karte roze, kitabu, na historia ya matengenezo. Mnaweza kuomba itengenezwe mbele ya kusaini. Si kukosa shukrani, ni kuchunga mali ya wanamemba.

*"Baada ya kutengeneza, tuanze kazi mara moja?"*
Hapana. Pistoni mpya inataka kuzoeana na silinda. Kilometa 500 za kwanza: mwendo wa polepole, bila mzigo mzito, bila kuvuta gaze mpaka mwisho, na kupumzika mlimani. Kwa 4T, fanyeni vidanji mapema baada ya hapo.

*"Ni wakati gani wa kuachana nayo?"*
Kaye itawaambia. Ikiwa kwa miezi sita piki imekula kwenye matengenezo zaidi ya ile iliyoleta, ao silinda imefika mwisho na shafti kubwa inagonga, uzeni piesi zilizo nzima. Na mnunuzi mwambieni ukweli wa ugonjwa wake, sawa vile ninyi mlivyotaka kuambiwa.

Kwa kufunga

Kwenye mkutano wa mwezi huu, tunaomba koperative zifanye mambo matatu madogo: kujua kama piki ni 2T ao 4T na kuiandika kwa rangi kwenye tangi, kubandika orodha ya makundi matatu, na kuchagua mtu mmoja, mbali na dereva, mwenye ruhusa ya kusema "leo haitoki". Mtu huyo aheshimiwe hata siku ya soko, hata na prezida. Agronomu wetu akipita, mwonyesheni kaye. Mkiona ugonjwa ambao hatukuutaja hapa, mwambieni, na tutauandika katika toleo lijalo ili koperative nyingine ziujue mapema.